Uzi: Neno "stakabadhi", asili yake, na maana yake Kenya leo

Mjukuu wa Mbale (Kisumu), mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimeleta hapa neno ambalo kila mwenye shughuli katika ofisi za serikali amelisikia, nalo ni stakabadhi, na ninaomba tulichambue kwa utulivu kwa sababu kutolielewa vyema kumeigharimu jamaa yangu miaka mingi.

Nyanya yangu anaishi Vihiga, mwendo mfupi kutoka Mbale, katika shamba alilolikuta alipoolewa na babu. Tangu nikiwa mdogo nimeuona mkebe wake wa bati, ambao zamani ulikuwa wa majani chai, ukiwa umefungwa kwa leso kuukuu na kuwekwa juu ya kabati, na kila mtu wa boma letu alijua kwamba ndani yake mna "stakabadhi ya shamba". Babu alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Hakuna aliyeyaharakisha mambo ya mirathi, kwa kuwa kila mmoja wa wanawe, waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na Eldoret, alitulia akijua kwamba karatasi ipo. Mwaka jana, binamu zangu walipotaka kujenga, tuliketi kikao, mkebe ukashushwa, leso ikafunguliwa, nami nikapewa ile karatasi niisome kwa sauti.

Ilikuwa risiti. Ilikuwa na jina la babu, kiasi cha shilingi alicholipa kwa ajili ya upimaji, muhuri wa mviringo uliofifia, na nambari ya shamba iliyoandikwa kwa kalamu pembeni. Hatimiliki haikuwamo, wala haijawahi kuwamo.

Ami zangu walimgeukia nyanya kana kwamba aliwaficha jambo, naye akajibu kwa upole kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote kuwa ana hatimiliki. Alisema ana stakabadhi, na stakabadhi ndiyo hiyo tuliyoishika. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilipofungua kamusi niligundua kwamba nyanya, ambaye hakupita darasa la nne, alikuwa akilitumia neno kwa maana yake kamili: karatasi inayothibitisha kwamba fedha au mali imepokelewa. Karani aliyempa babu ile karatasi alimwambia ni stakabadhi, babu akamwambia nyanya hivyo hivyo, na nyanya akalihifadhi neno pamoja na karatasi. Ni sisi wanawe na wajukuu, tuliosoma na kusikiliza taarifa za habari, tuliosikia "stakabadhi" tukaelewa "karatasi rasmi ya aina yoyote", kisha tukajaza wenyewe kwamba karatasi rasmi ya shamba haiwezi kuwa nyingine ila hatimiliki.

Basi ninauliza. Neno hili lilitoka wapi, lilianza kupanuka lini na vipi, na je, upana huu wa Kenya tuukubali ulivyo, au kuna mahali ambapo tunapaswa kuuzuia? Walimu, makarani, mahakimu na wakulima, kila mwenye ujuzi achangie.

Msomaji wa Mumias

Ndugu, pole kwa yaliyowafika, na umefanya vyema kulileta neno hili. Nitajibu sehemu ya asili pekee, kwa kuwa ndiyo niliyoisoma.

Shina lake ni la Kiarabu lenye konsonanti tatu, kafu, be na dhadi, na maana yake ya msingi ni kushika kwa kiganja, kutwaa, kupokea kitu mkononi. Kiswahili kina watoto wengine wa shina hilo hilo: kukabidhi, makabidhiano, na kwa ndugu zetu wa Tanzania, Kabidhi Wasii, yaani afisa anayesimamia mali za marehemu na amana. Hata mtu bahili tunamwita kabidhi, kwa sababu mkono wake umefumba. Ile "sta" ya mwanzo ni ile ile tunayoiona katika starehe, staajabu na staarabu, maneno yaliyotoka katika umbo moja la vitenzi vya Kiarabu. Kwa hiyo neno lako lina mkono ndani yake, tena si mkono unaomiliki bali ni mkono unaopokea. Ukilitamka kwa mtu anayeijua lugha ya shina lake, ataona watu wawili wakipeana kitu na karatasi ikishuhudia.

Si ajabu kwamba neno la namna hii lilitujia kwa njia ya biashara. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, waumini wanaamrishwa waandike deni lenye muda maalumu, aandike mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi. Aya inayofuata inasema kwamba walio safarini wasipompata mwandishi, basi iwekwe rehani inayopokelewa mkononi, na neno lililotumika hapo kwa "inayopokelewa mkononi" ni la shina hili hili la stakabadhi. Rehani na stakabadhi zimekaa jirani tangu huko, moja ikiwa ni kitu na nyingine ikiwa ni ushahidi wa kitu. Wafanyabiashara wa pwani walipofika hapa kwetu katika enzi ya Nabongo (yaani mfalme wa Wanga) Shiundu na mwanawe Mumia, walikuja na bidhaa, na pia na desturi hiyo ya kuandikiana.

Kwa hiyo nyanya yako yuko sahihi kwa asili ya neno, na mimi binafsi ninamvulia kofia.

Mwalimu wa Nakuru

Nimesoma kwa makini michango yote miwili, na ninaiheshimu, lakini sitaki tufike mahali pa kusema kwamba Wakenya wanakosea. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili za kaunti hii kwa muda mrefu, na ninaweza kusema bila kusita kwamba stakabadhi kwa maana ya nyaraka rasmi kwa ujumla ni matumizi yaliyokomaa. Magazeti yetu huandika kuhusu stakabadhi za usafiri, stakabadhi za mahakamani na stakabadhi za siri. Redio husema hivyo. Nikimwambia mwanafunzi wa hapa alete nyaraka zake, huenda akafikiria makavazi na maandishi ya kale. Nikimwambia alete hati, ataniuliza kama nina maana ya mwandiko wake au hatimiliki ya shamba la wazazi. Lakini nikimwambia alete stakabadhi, atakuja na cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu, kama nilivyotaka.

Maneno hupanuka. Waraka, kwa asili ya Kiarabu, ni jani la mti, kisha ukawa karatasi, kisha barua, hadi Wakristo wakaita barua za Mtume Paulo nyaraka. Tena tumelipa neno hilo wingi wa Kibantu, waraka na nyaraka, kama wimbo na nyimbo, na hakuna anayelalamika kwamba jani limepotea. Cheti kilitoka katika lugha za Kihindi, ambako ni barua fupi au kijikaratasi chenye maandishi, na leo kijikaratasi hicho kimekuwa shahada ya chuo kikuu. Hati ilikuwa mstari na mwandiko, na bado tunamsifu mtoto kwa kuwa na hati nzuri. Ikiwa ndugu zake wote wamepanuka, kwa nini stakabadhi pekee ifungwe kamba?

Ninaongeza kwamba risiti imechukua nafasi yake dukani. Mteja wa Nakuru huomba risiti. Neno stakabadhi lilibaki bila kazi ya kila siku, likapandishwa cheo.

Mjukuu wa Mbale (Kisumu)

Mwalimu, asante. Hoja yako kwamba risiti iliifukuza stakabadhi dukani, ikaenda kutafuta kazi ofisini, ndiyo iliyonisaidia zaidi kuelewa jambo hili. Sina nia ya kuvifunga vinywa vya watangazaji. Msomaji wa habari akisema kwamba stakabadhi zimeteketea katika moto, nimemwelewa, na hakuna aliyepata hasara.

Hasara inakuja pale ambapo karatasi mbili tofauti zinaitwa jina moja na mwenye karatasi ndogo anaamini kwamba anayo kubwa. Baada ya yaliyotupata nimetembea katika ofisi nyingi, nami nimeona kwamba kosa letu si la peke yetu. Ninaomba nieleze mifano mitatu kwa kirefu, kwa sababu huenda ikamsaidia mtu anayesoma hapa.

Mtoto anapozaliwa, mzazi hupewa karatasi ya kuarifu kuzaliwa kwake, iwe hospitalini au kwa naibu wa chifu ikiwa alizaliwa nyumbani. Karatasi hiyo si cheti cha kuzaliwa. Ni taarifa ya kumwezesha msajili aandike, na mzazi anatakiwa aende nayo akaombe cheti. Nimekutana hapa Kisumu na akina mama walioitunza kwa miaka kumi na zaidi katika mfuko wa nailoni wakiita "stakabadhi ya mtoto", hadi siku ya kusajiliwa kwa mtihani wa kitaifa ndipo wakaambiwa kwamba cheti chenyewe hakipo. Kwa kuwa sheria imeweka miezi sita ya kusajili kuzaliwa, kinachofuata ni safari ya usajili wa kuchelewa pamoja na ushahidi wake wote.

Mtu anapofariki, jamaa hupewa kibali cha mazishi. Hiki ndicho kinachoruhusu mwili uzikwe. Cheti cha kifo ni karatasi nyingine, nacho huombwa baadaye. Katika upande wetu wa magharibi, ambako matanga huchukua nguvu na fedha zote za boma, watu wakishazika huona kwamba karatasi za kifo zimekwisha. Kibali kinawekwa pamoja na programu ya mazishi na picha ya marehemu, kinaitwa stakabadhi ya kifo, na hapo mambo husimama. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu. Tulipoanza mirathi, ambayo haiwezi kufunguliwa mahakamani bila cheti cha kifo, tuligundua kwamba hatimiliki haipo na cheti cha kifo pia hakipo, na kwa hizo zote mbili tulikuwa na karatasi iliyotangulia tu.

Wa tatu ni ununuzi wa ardhi. Mnunuzi na muuzaji hukaa mbele ya wazee, wakaandika agrimenti, wakatia sahihi, fedha zikahesabiwa, na mnunuzi akaenda nyumbani na "stakabadhi za shamba". Ikiwa shamba ni la kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya ardhi, mapatano hayo yanahitaji idhini ya bodi, na ombi linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi sita, la sivyo shughuli ile ni batili kisheria. Anayeishika agrimenti hajashika shamba.

Katika mifano yote mitatu Kiswahili kina majina yanayotosha: arifa na cheti, kibali na cheti, agrimenti, idhini na hatimiliki. Tunayo, ila tunayafunika yote kwa blanketi moja. Hilo ndilo ninalolipinga, Mwalimu, wala si kupanuka kwa neno.

Mkulima wa Njoro

Naomba kuingiza sauti ya shambani, kwa kuwa mmesahau mahali ambapo stakabadhi imerudi kazini na maana yake ya kale, tena kwa nguvu ya sheria.

Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2019 sheria ya mfumo wa stakabadhi za maghala. Mkulima hupeleka mahindi yake katika ghala lililoidhinishwa, yakapimwa unyevu, ambao hautakiwi kupita asilimia 13.5, yakapimwa uzito na kupangiwa daraja, kisha akapewa stakabadhi inayosema ni mahindi kiasi gani, ya daraja gani, yamepokelewa wapi. Halazimiki kuyauza siku hiyo, wakati wa mavuno ambapo bei imelala. Anaweza kwenda na karatasi ile benki akaiweka dhamana ya mkopo, au akaiuza karatasi yenyewe kwa mnunuzi, na mahindi yakabadili mwenyewe bila gunia kusogezwa. Tanzania walitangulia, sheria yao ni ya mwaka 2005, na wao huuita mfumo huo stakabadhi ghalani, wakaanza kuutumia kwa korosho za kusini mwaka 2007.

Niliposoma maelezo ya Msomaji wa Mumias kuhusu mkono unaopokea na kuhusu rehani, nilishangaa jinsi yanavyolingana na jambo hili. Ghala limepokea, likaandika. Benki imeipokea karatasi ile kama rehani. Sasa fikirini mkulima jirani yangu ambaye kwake stakabadhi ni kila karatasi yenye muhuri. Alipoambiwa katika mkutano kwamba stakabadhi inaweza kumpatia mkopo, alikwenda na risiti za mbolea na barua ya chama cha ushirika. Alirudi akiwa amevunjika moyo, akasema mpango ule ni wa watu wenye kujuana. Haukuwa hivyo, ni neno ambalo hakufafanuliwa na aliyesimama mbele kuhutubia, na mimi ninalaumu mhutubu, si yeye.

Msomaji wa Mumias

Mkulima, umenifurahisha. Huo ndio uzuri wa kulifuata neno hadi shinani.

Karani Mstaafu (Gem, Siaya)

Vijana wangu, nimeusoma uzi wote. Nilitumikia katika ofisi za utawala hadi nikastaafu, na ninaona kwamba mmezungumzia karatasi tunazozitafuta mkaacha ile tuliyolazimishwa, nayo ni kipande. Huwezi kueleza jinsi watu wa Nyanza wanavyohisi kuhusu karatasi rasmi bila kuanzia hapo.

Kipande, kama mjuavyo, ni sehemu ndogo ya kitu kizima. Serikali ya kikoloni ilitunga mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na maelezo ya mwajiri, siku aliyoanza kazi, mshahara, na siku aliyoachiliwa. Karatasi hiyo iliwekwa katika kijisanduku cha chuma kilichofungwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akikutwa bila kipande alishtakiwa. Wazee waliotulea walikuwa wakigusa kifua walipolitaja neno hilo.

Tarehe 23 Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, hapa Gem, katika mkutano uliojulikana kama Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Hapo ndipo kilipotangazwa chama cha Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Walidai kodi ipunguzwe, kambi za kazi ziondolewe, nchi irudishiwe hadhi yake ya kabla ya kufanywa koloni mwaka 1920, na walidai kipande kifutwe. Lakini tazameni jambo hili, ambalo vijana wengi hawaambiwi: watu hao hao, katika madai hayo hayo, waliomba pia wapewe hati za kumiliki ardhi yao. Hawakuwa wakipinga karatasi. Walijua kabisa ni karatasi ipi inayomfanya mtu awe mali ya mwajiri na ni ipi inayoifanya ardhi iwe mali ya mtu, na wengi wao hawakuwa wamesoma kuliko nyanya ya huyu kijana wa Mbale.

Kipande kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1947, iliyoleta usajili wa watu wa rangi zote, lakini jina halikuondoka. Hadi leo, mzee wa rika langu akiombwa kitambulisho huuliza kama wanataka kipande. Na wanawake hawakuingizwa katika usajili huo hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo, karatasi nyingi za nyumba zilikuwa kwa jina la mume, na mke alikuwa mtunzaji tu. Ndiyo maana ninamwelewa nyanya wa Vihiga: alipewa mkebe autunze, hakupewa nafasi ya kuuliza kilichomo.

Mjukuu wa Mbale (Kisumu)

Mzee wangu, ninashukuru sana. Jambo la Lundha nililisikia shuleni kama tarehe ya kukariri. Hili la watu kukataa kipande na kuomba hati kwa pumzi moja sikuwahi kuambiwa. Nitamsomea nyanya mchango wako neno kwa neno.

Binti wa Kibuye

Samahani kwa kuuliza swali dogo katikati ya mazungumzo mazito. Mimi ninauza mitumba sokoni, na wateja wangu hulipa kwa M-Pesa. Je, ule ujumbe unaoingia kwenye simu ni stakabadhi au ni risiti tu?

Msomaji wa Mumias

Dada, kwa maana ya asili, ujumbe ule ni stakabadhi hasa: unataja aliyetoa, aliyepokea, kiasi, siku na saa, na nambari ya muamala. Wala haihitaji kuwa karatasi, kwa sababu neno lenyewe halina karatasi ndani yake; lina kupokea tu. Ushauri wangu ni kwamba usifute ujumbe wa malipo makubwa.

Mwalimu wa Nakuru

Nimekaa siku mbili nikiyatafakari maelezo ya Mjukuu wa Mbale kuhusu arifa, kibali na agrimenti, na yale ya Mzee wa Gem, nami ninaomba kurekebisha msimamo wangu kwa kiasi.

Bado ninaamini kwamba maana pana ya stakabadhi imekwisha kuota mizizi Kenya, na kamusi zetu zinapaswa kuiandika waziwazi kando ya ile ya kwanza, badala ya kujifanya haipo. Lakini nilichukua fomu tunayowapa wazazi wa wanafunzi wapya, ambayo mimi mwenyewe niliitafsiri miaka iliyopita, nikaisoma kama mzazi. Ilisema: "Ambatisha nakala za stakabadhi zote zinazohitajika." Nilijiuliza mzazi kutoka Subukia au Mauche atajuaje ni zipi, na nikakumbuka ni wangapi waliorudishwa nyumbani siku ya kwanza kwa kukosa karatasi moja, nauli yao ikiwa imekwisha. Nimeiandika upya. Sasa inataja cheti cha kuzaliwa, na katika mabano inaeleza kwamba karatasi ya kuarifu kuzaliwa haitoshi. Inataja nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi. Inataja stakabadhi ya benki ya malipo ya karo, na hapo tu ndipo nimeliacha neno hilo.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mara nyingi sisi walimu tumeifurahia kama heshima. Nadhani heshima hiyo inatudai kazi ya namna hii, ya kukaa na fomu moja jioni nzima hadi mtu asiyejua Kiingereza aweze kuijaza bila kuogopa.

Mkulima wa Njoro

Mwalimu, naomba utume nakala ya fomu hiyo kwa chama chetu cha ushirika. Tunayo yetu yenye sentensi ile ile.

Karani Mstaafu (Gem, Siaya)

Niongeze neno moja la kikazi kwa mwanzilishi. Hata ukiipata hatimiliki, usikome hapo. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, cheti cha umiliki ni ushahidi ambao mahakama huupokea kwamba aliyetajwa ndiye mmiliki, lakini kinaweza kupingwa kwa sababu ya ulaghai au kilipopatikana kinyume cha sheria, na kilichoandikwa katika daftari la msajili ndicho kinachofuatwa. Kwa hiyo omba upekuzi rasmi wa daftari hilo, upewe majibu yenye sahihi na muhuri. Ile nambari ya shamba iliyoandikwa kwa kalamu katika risiti ya babu yako inatosha kuanzia. Bila nambari, karani hana pa kufungua.

Tena nikumbushe kisa ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli, kwa shekeli 17 za fedha, aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha kwa mizani, kisha akamwagiza Baruku aziweke hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mkebe wa nyanya yako una nasaba ndefu.

Mjukuu wa Mbale (Kisumu)

Nimerudi kuwapa habari, kwa kuwa mlinisaidia na mnastahili kujua.

Nilifuata ushauri wa Mzee wa Gem. Nilikwenda na nakala ya risiti, nikaomba upekuzi kwa nambari ile iliyoandikwa pembeni, na nikapewa majibu baada ya siku chache. Shamba limesajiliwa kwa jina la babu tangu zamani. Hatimiliki haikuwahi kuchukuliwa. Babu alilipa, akapewa stakabadhi, na inaonekana aliambiwa arudi. Kama alirudi au hakurudi, aliyejua hilo ni yeye. Hakuna aliyetudhulumu, na hakuna aliyeiuza ardhi yetu, kama ami yangu mmoja alivyokuwa ameanza kushuku hadi akaacha kusalimiana na nduguye.

Cheti cha kifo tumekipata kwa njia ya usajili wa kuchelewa. Barua ya chifu inayowataja warithi wote, wakiwemo shangazi zangu walioolewa, ambao mwanzoni hawakuwa wameandikwa, imeandikwa na kupigwa muhuri. Ombi la usimamizi wa mirathi limewasilishwa mahakamani, na sasa tunangoja zile siku 30 baada ya tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha miezi sita kabla ya kuthibitishwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Vihiga na bahasha za kaki. Niliketi na nyanya mezani, tukazitoa karatasi zote zilizokuwa katika mkebe, tukaziweka pamoja na zile mpya, na kila moja nikaitia katika bahasha yake na kuandika juu yake kwa herufi kubwa jina lake halisi: kibali cha mazishi, cheti cha kifo, cheti cha ubatizo, majibu ya upekuzi, barua ya chifu. Nyanya alikuwa akinitajia, nami nikiandika. Nilimsomea pia mchango wa Mzee kuhusu Lundha, naye akasema kwamba baba yake alikuwa na alama shingoni ya uzi wa kipande hadi alipozikwa.

Tulipofika kwenye risiti ya babu, nilitaka kuiacha nje ili niende nayo Kisumu nikaitolee nakala nyingine. Aliichukua mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaitia katika bahasha, na kuniambia niandike: "Stakabadhi ya babu yako." Niliandika hivyo.

Mkebe umerudi juu ya kabati. Hatimiliki ikitoka, nitawaarifu hapa hapa.